Kisu Kabla ya Jino

Sajini Dionis aliteremka kwenye lori pale Lusu akiwa na vumbi hadi kwenye kope, na hakuna aliyemsogelea. Watu waliokuwa wakingoja mizigo walipokea mizigo, wakajuliana hali wao kwa wao, wakajiondokea. Mavazi ya kiraia hayakumfaa kitu. Mpelelezi wa Tabora hujulikana kwa viatu tu, hata avae kanzu, na kijiji chenye kesi huwa kimekwisha kukata shauri la kutosema neno kabla mpelelezi hajafika.

Basi akajipangusa, akashika njia peke yake. Upweke haukuwa mgeni kwake. Tangu mkewe Veneranda afariki, chumba chake cha polisi kule Gongoni kilikuwa kimya kiasi kwamba alikuwa na tabia ya kumsalimia paka wa jirani kwa heshima zote. Wenzake walimcheka kwa hilo, naye alicheka nao, kisha akarudi nyumbani kumsalimia paka.

Kesi yenyewe ilikuwa ya ng'ombe mmoja. Inspekta wake wa Kizungu, aliyeketi chini ya picha mpya ya Malkia mpya, alishangaa kwamba ng'ombe mmoja anahitaji mpelelezi. Lakini Inspekta hakuzaliwa Unyamwezi. Ng'ombe yule alikuwa wa mwanangwa Ngollo, mkuu wa kijiji, naye alimkabidhi mfugaji Masolwa amtunze, kama matajiri wa mifugo wafanyavyo. Mtunzaji hunywa maziwa, mwenye mali hupata ndama. Na ng'ombe akifa, mtunzaji hubeba ngozi hadi kwa mwenyewe na kuitandaza mbele yake. Ngozi ikionekana, maneno yamekwisha. Isipoonekana, mtunzaji ni mwizi.

Masolwa hakuwa na ngozi. Yuko mahabusu Nzega, na Jumatatu hakimu atamsomea hukumu. Kibaya zaidi, alipoulizwa barazani ng'ombe alikwenda wapi, alijibu neno moja, "Sijui," akanyamaza. Mtu asiye na hatia hupiga kelele, wazee walisema. Huyu amenyamaza, basi amekula.

Siku iliyotangulia Dionis aliishindia Kanyenye, mjini Tabora, kwenye ghala la Mabruki mnunuzi wa ngozi, akipindua ngozi moja baada ya nyingine huku pua imefungwa kwa leso. Alitafuta alama ya Ngollo: mistari miwili ya moto kwenye paja, na sikio la kushoto lililokatwa pembe. Hakuiona.

"Ngozi ya Ngollo nisingeipokea hata kwa bure," Mabruki alimwambia. "Mzee yule anawajua ng'ombe wake kuliko wajukuu zake. Ingekuja mjini, ningekuita mwenyewe."

Kwa hiyo ngozi haikufika mjini. Dionis alikuja Lusu na hilo tu mkononi.

Mwanangwa Ngollo alimpokea uani kwake, akampa kigoda, akampa na togwa. Alikuwa mzee mnene, mwenye macho yasiyotulia.

"Nasikia mifupa imeonekana kwenye kambi ya zamani," Dionis alianza.

"Ile ya misafara? Kambi nzima ile ni mifupa, Sajini. Wapagazi wa zamani walikula humo miaka na miaka. Sasa kuna Bibi wa Kizungu anaifukua na kuifunga kwenye magazeti. Masolwa asijifiche nyuma ya mifupa ya babu zetu."

"Je, kama ng'ombe kaliwa na fisi?"

Ngollo alitua kata ya togwa chini. Wazee wawili waliokuwa wakisuka kamba pembeni waliacha kusuka.

"Neno hilo hapa hatulitupi ovyo," alisema mwanangwa polepole. "Fisi ana mwenyewe."

"Nani?"

"Mimi sijasema."

Kweli hakusema, ila macho yake yalikwenda. Yalivuka ua, yakavuka mashamba ya uwele yaliyokwisha vunwa, yakaishia kwenye kibanda kimoja kilichojitenga kando ya mbuga. Dionis hakuhitaji kuuliza. Aliyasoma majalada ya kesi: kile kilikuwa kibanda cha Pelagia, mama yake Masolwa, mjane.

Hapo ndipo alipoielewa ile "Sijui." Mtoto gani angesimama barazani aseme fisi kamla ng'ombe, huku kijiji kizima kinamnong'ona mama yake kuwa ndiye afugaye fisi? Masolwa alichagua kuitwa mwizi. Dionis alimheshimu mtu yule ghafla, na akaona uchungu, maana heshima haimtoi mtu mahabusu.

"Na ikithibitika kwamba ni fisi?" aliuliza.

"Zamani bibi wa namna hiyo asingelala salama hapa."

"Siku hizi kuna serikali."

"Serikali iko Nzega," alijibu Ngollo, akachukua tena kata yake.

Dionis alitembea hadi kambini akiwa na mawazo mazito. Akithibitisha fisi, mwana atatoka na mama ataangamia. Asipothibitisha, mwana atafungwa. Njia ya zamani ya misafara ilikuwa bado inaonekana, pana, iliyokanyagwa na nyayo za vizazi hata majani yalikuwa yanaogopa kuota katikati yake. Maelfu walipita hapa na pembe na nyimbo zao. Leo hakukuwa na mtu hata wa kumwuliza saa. Alijikuta anaimba kidogo ili asikie sauti, kisha akaona haya, akaacha.

Bibi Marsden, yule Mzungu mfukuaji, alimwona kutoka mbali akaja kumlaki mbio, kofia mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, uso umebabuka kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa sahihi na kikavu. Alizungumza bila kupumua. Alimwonyesha mahema, mashimo, chujio la udongo, majivu ya mafiga ya wapagazi. Dionis aliutambua ugonjwa ule mara moja: huyu naye alikuwa hajapata mtu wa kuzungumza naye kwa muda mrefu.

"Watu hunisalimu kwa mbali," alisema Bibi Marsden, kama aliyesikia wazo lake. "Wanasema nalisha fisi wa wachawi."

"Unawalisha kweli?"

"Nawalisha."

Akaeleza. Mifupa anayofukua ni ya wanyama walioliwa kambini zamani, lakini baada ya watu kuondoka fisi walikuja kutafuna mabaki. Usipojua fisi ameondoa nini, unaweza kusema wapagazi hawakula kitu fulani, kumbe walikula na fisi akabeba. Kwa hiyo yeye hununua miguu ya ng'ombe kwa wachinjaji, huifunga kwa waya kwenye vigingi pembeni ya kambi, na asubuhi huangalia kilichobaki.

"Hubaki nini?"

"Kidogo sana. Wafanyakazi wangu walikuwa hawaamini. Sasa wananicheka mimi nikitumaini kukuta mbavu."

Dionis aliomba kuiona ile mifupa iliyosemwa barazani. Ilikuwa bado palepale, nje ya vigingi, kwenye majani yaliyolala. Vipande vichache vya miguu visivyo na ncha, taya moja yenye meno, kwato. Uti wa mgongo haukuwapo, wala mbavu, wala nyonga.

"Si yako hii?"

"Yangu yote naipiga rangi nyekundu. Na ya zamani ni ya kahawia, imekauka kama chungu. Shika."

Aliushika mfupa. Vidole vilibaki na mafuta. Mwanangwa alikosea, basi, au alitaka kukosea: huyu alikuwa ng'ombe wa juzijuzi.

Bibi Marsden alichuchumaa kando yake. "Tazama. Fisi hupenda ncha za mfupa, ndizo laini na zenye mafuta. Hapa katikati ni pagumu, hupatafuna tu kama bado pana nyama na uboho. Binadamu ni kinyume. Yeye anataka uboho, hupasua katikati kwa jiwe. Fisi akija baadaye hukuta vipande vitupu, hutafuna ncha tu na kwenda zake."

"Huu haukupasuliwa."

"Haukupasuliwa. Na meno yamepita hadi katikati. Unaona mifereji hii mipana? Ni fisi aliyekuta mguu mzima, na nyama yake."

Dionis aliinuka, akaenda hatua kadhaa, akarudi. Fisi walikula ng'ombe mzima ambaye hajaguswa na mtu. Hilo ndilo angekwenda kulisema mbele ya hakimu, na kabla jua halijatua habari ingekuwa imefika Lusu. Akilini alimwona mama yake Masolwa, ambaye hajawahi kukutana naye, amesimama mlangoni, watu wanakuja na vijinga vya moto. Aliogopa waziwazi, akakaa chini na kuuchukua mfupa tena, kwa sababu hakuwa na jambo lingine la kufanya.

Aliugeuza. Juu kidogo ya mahali pa kwato palikuwa na mstari mwembamba uliozunguka mfupa, mnyofu, kama uliochorwa kwa wembe.

"Na hiki nini?"

Bibi Marsden alitoa lenzi mfukoni, akatazama kwa muda. "Jino haliwezi kufanya hivi. Hiki ni kisu."

"Kipi kilitangulia?"

"Unauliza kama mwenzangu," alisema, akafurahi. Akampa lenzi. "Fuata mstari wa kisu mpaka unapokutana na mfereji wa jino. Kama kisu kilikuja mwisho, utakiona kimekata ndani ya mfereji. Kama jino lilikuja mwisho, litakuwa limeufuta mstari."

Dionis alifumba jicho moja. Mstari ulikuja, ukafika ukingoni mwa mfereji, ukatoweka; ng'ambo ya pili ukaendelea. Jino lilikuwa limepita juu yake.

"Kisu kwanza," alisema.

"Kisu kwanza."

Aliichukua taya. Mstari uleule, chini ya shavu. Akatazama kwenye viungo, mahali mchinjaji anapotenganisha paja na muundi, akatazama kila kipande kilichobaki na kiungo. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja wa kisu. Siku nzima ya jana alikuwa amepindua ngozi kwa Mabruki, na alijua mchunaji anaanzia wapi: juu ya kwato, na chini ya taya.

"Ng'ombe huyu hakuliwa na mtu," alisema. "Aliuawa, akachunwa, nyama ikaachwa yote. Fisi walikuja baada ya mtu kuondoka na ngozi."

"Nani huku anaacha nyama?"

"Asiyetaka inukie nyumbani kwake. Na anayejua kwamba hapa, asubuhi, hapatabaki kitu."

"Hilo vijana wangu wote wanajua," alisema Bibi Marsden bila kufikiri. "Tobias ndiye hunifungia miguu kwenye vigingi. Yeye ndiye anayenicheka zaidi."

"Tobias yupi?"

"Mdogo wake yule mfungwa. Kijana mwema sana. Nimempa ruhusa anyweshe ng'ombe wa kaka yake mpaka kesi iishe."

Dionis alilisikia jina. Siku nyingine angekaa nalo. Lakini alikuwa na furaha, jambo ambalo lilikuwa halijamtokea kazini kwa miezi mingi, na furaha ilimtangulia njiani. Kisu kabla ya jino! Fisi hawakuua. Hakuna aliyewatuma. Kuna mtu, mtu tu, mwenye kisu, na mama wa watu hana hatia wala mwanawe, ambaye angekuwa na ngozi angeitandaza mbele ya Ngollo. Aliifunga mifupa kwenye gazeti alilopewa, akamshukuru Bibi Marsden aliyebaki amesimama anampungia mkono mpaka mbali, akakata moja kwa moja hadi kwenye kibanda kando ya mbuga.

Njia ya kibanda ilikuwa imeota majani. Aliona hilo, akaona huruma.

"Mwangaluka, mayu," aliamkia kwa Kinyamwezi, akimwita mama, ingawa asubuhi ilikuwa imekwisha pita. Mama alikuwa amekaa mlangoni, uso juani, kama aliyekuwa bado anaianza siku.

"Mwangaluka, baba. Nani wewe? Sikujui sauti." Macho yake yalikuwa na utando mweupe.

"Dionis, wa polisi Tabora. Nimekuja kwa habari ya Masolwa. Habari njema."

Mama alishika kizingiti, akanyanyuka haraka kuliko umri wake. "Mgeni, na mimi nimekaa! Ngoja. Kigoda sina, nilikipasua kuni mwaka juzi, sikuona wa kukikalia. Ngoja, baba, usikae mavumbini."

Akaingia ndani, akatoka anaburuta tandiko la kitandani mwake, akalitandaza kivulini kwa kupapasa, akalipigapiga mikunjo. Dionis akaketi, kwa kuwa kukataa kungekuwa kumtukana.

"Sema sasa."

"Mwanao hakuiba, mayu. Nina ushahidi wake hapa kwenye gazeti. Na fisi hawakumwua ng'ombe. Fisi walikula mzoga walioukuta. Hakuna atakayekutazama vibaya tena."

Mama aliziba uso kwa viganja akatikisika, na Dionis hakujua kama analia au anacheka, labda vyote. Akaegemea mkono nyuma ili ampe nafasi. Kiganja chake kilitua juu ya ngozi, pasipo na manyoya, na kidole kikaingia kwenye tundu.

Alitazama. Lilikuwa tundu la mkuki, kati ya mbavu na mbavu. Akatazama chini zaidi, kwenye paja. Mistari miwili ya moto. Akaitafuta pembe ya shingo. Sikio la kushoto lilikuwapo, kipande kimekatwa.

Alikuwa ameikalia ngozi aliyokuwa akiitafuta.

"Ngozi nzuri, mayu," alisema.

"Nzuri, eh? Tobias kaniletea. Alinikuta nalala kwenye nyasi na baridi hii ya Julai, akasema mama yangu halali chini tena. Kainunua kwa kibarua chake kwa Mzungu."

"Aliileta lini?"

"Kaka yake hajachukuliwa bado. Aliniambia nisiitoe nje, jua litaipasua. Lakini mgeni nitamkalisha chini?"

Nani angeiona humu ndani? Hakuna jirani aliyekanyaga kizingiti kile. Kijana alifikiri vizuri, Dionis aliona, isipokuwa hakufikiri kwamba mama yake angeweza kupata mgeni.

"Wanapatana, ndugu hawa?"

"Wanapatana. Ila Tobias anataka kuoa, na ng'ombe wa marehemu baba yao wako mkononi kwa Masolwa. Kila mavuno anamwambia subiri. Kijana amesubiri mpaka binti mwenyewe amechumbiwa Igunga." Akageuza uso upande wake. "Mbona unauliza ya Tobias?"

Angeweza kusema chochote. Angeweza kuaga, akarudi usiku na askari, mama asimjue anayeibeba. Lakini alikuwa amekaribishwa.

"Mayu, pitisha mkono wako hapa. Kwenye paja."

Akamwongoza kiganja. Vidole vyembamba vilitambaa kwenye manyoya, vikafika penye upara, vikafuata mstari wa kwanza, vikafuata wa pili, vikasimama. Kila mtu Lusu alizaliwa akiijua alama ile, hata asiyeona.

Vikarudi mwanzo, vikaifuata tena yote miwili. Kunguru walipita.

"Hakutaka kaka yake afungwe," alisema mwisho. "Alitaka Ngollo amnyang'anye ng'ombe wake wengine tu, wazee waseme Masolwa hawezi kutunza, wagawe mifugo ya baba yao. Namjua. Hakufikiri serikali itaingia."

"Nami nadhani hivyo."

"Mbona hakusema, walipomfunga kaka yake?"

Dionis alilifunga upya gazeti la mifupa.

"Ukiipeleka hii Nzega, Masolwa atatoka?"

"Jumatatu."

"Na Tobias ataingia."

"Ndiyo, mayu."

Alitingisha kichwa mara nyingi, kidogokidogo. Kisha akamwomba ainuke, akaanza kuikunja ngozi mwenyewe, pembe kwa pembe, akiibana kwa goti kama wafanyavyo watu wanaosafiri. Dionis alitaka kumsaidia, mama akamsukuma mkono. Alipomaliza akampa.

"Anarudi na ng'ombe jua likiinama. Hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi," alisema. "Mwache ale kwanza."

"Atakula, mayu."

"Basi ingia ndani. Akikuona hatakula."

Dionis aliingia. Kitanda cha fito kilikuwa kitupu, na humo ndani palikuwa na giza na harufu ya moshi. Alikaa juu ya fito, ngozi magotini, akamsikiliza mama akivunja kuni, akimimina maji, akisonga ugali kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alijisikia mchovu, na alitamani sana Veneranda awe hai amsimulie. Hatimaye kengele za ng'ombe zilisikika kutoka upande wa bwawa, na kijana akaita kwa mbali, sauti changamfu, "Mayu! Mayu we!"

"Njoo, mwanangu," aliitika mama, kama jioni zote.

Kijana alinawa. Aliketi karibu na mlango, hatua chache tu na ukuta wa udongo kati yao, na Dionis alimsikia anakata tonge.

"Mbona umepika kingi hivi leo?" Tobias aliuliza akicheka.

"Kula," alisema mama yake. "Kula taratibu, usikimbilie."